Mwanao anataka jeshi la roboti? Anza na kumi tu

WAZAZI wenye watoto wanaokulia Uingereza wamezoea kuombwa viatu vya michezo, simu mpya na gemu za kompyuta. Ombi la jeshi la roboti huwakuta hawajajiandaa. Mtoto wa miaka 13 anakuja na picha ya boksi, ndani yake mna fremu za plastiki ya kijivu zilizojaa mikono, miguu na vichwa vidogo, anasema anataka hilo kwa sikukuu. Mzazi anaangalia bei, anaangalia tena, kisha anauliza: hivi vidoli ndiyo vinauzwa bei hiyo?

Si vidoli, mtoto atakujibu, na kwa kiasi fulani anasema kweli. Huu ni mchezo wa vita wa mezani. Kila mchezaji hukusanya jeshi la visanamu, vingi vikiwa na urefu wa sentimita tatu au nne. Huvikata kutoka kwenye fremu, huviunganisha kwa gundi kiungo kwa kiungo, huvipaka rangi, halafu huvipanga mezani kupambana na jeshi la mwenzake. Hatua za askari hupimwa kwa rula au tepu, kwa inchi. Risasi ikipata au ikikosa, dadu ndiyo huamua. Pambano moja kubwa linaweza kula mchana mzima, na muda wote huo hakuna anayetazama simu isipokuwa kuangalia kanuni.

Mchezo unaojulikana zaidi ni Warhammer 40,000, na jeshi lake la roboti linaitwa Necrons. Kabla hujajadili bei, mwombe mwanao akusimulie hadithi yao. Zamani walikuwa viumbe wa nyama na damu, wakiishi chini ya jua kali lililowafupishia maisha. Kwa hofu ya kufa, na kwa kudanganywa na viumbe wenye nguvu kutoka kwenye nyota, wakakubali miili yao igeuzwe kuwa chuma. Wakapata maisha yasiyo na mwisho, wakapoteza roho. Askari wa kawaida hawakumbuki hata walikuwa nani. Wakalala makaburini kwa miaka milioni 60, na sasa wanaamka kudai ulimwengu wao.

Muulize mtoto, huku akiendelea na kazi yake ya brashi, kama yeye angekubali kugeuzwa chuma asife. Mzazi anayeuliza kila jioni "shule imeendaje?" na kujibiwa "poa" atashangaa jinsi swali hilo linavyofungua mdomo wa kijana.

Mchezo wenyewe unaifuata hadithi hiyo. Roboti akipigwa akaanguka, kuna kanuni inayoweza kumrudisha mezani, akajiunga upya na wenzake. Watoto huipenda sana kanuni hii. Wapinzani wao huichukia.

Anayeuza ni nani

Kampuni inayotengeneza Warhammer ni Games Workshop, iliyoanzishwa London mwaka 1975 na marafiki watatu. Leo makao yake makuu yako Nottingham. Warhammer 40,000 ilitoka mwaka 1987, na Desemba 2024 kampuni hiyo iliingia katika orodha ya FTSE 100, yaani kampuni 100 kubwa zaidi katika soko la hisa la London. Imefika hapo kwa visanamu vya plastiki. Si kosa kampuni kuuza inachotengeneza, na hakika wanakitengeneza vizuri, lakini mzazi ajue upande wa pili wa kaunta kuna watu waliokaa miaka 50 wakijifunza kuuza.

Tazama kilichotokea Julai 2020, wakati wa janga la korona. Kampuni ilitoa boksi liitwalo Indomitus, lenye visanamu 61: nusu moja ya boksi jeshi la binadamu, nyingine Necrons wapya. Bei ilikuwa paundi 125. Ukigawanya, ni kama paundi mbili kwa kisanamu, bei ambayo huipati ukinunua kidogo kidogo. Lilikwisha haraka kiasi kwamba kelele za wateja zililazimisha kampuni kuchukua oda za kutengeneza mengine.

Kuna jambo la kujifunza kwenye mkasa huo, nalo si kwamba boksi lilikuwa ghali. Watoto walizoea wazo kwamba usiponunua leo utakosa. Kijana aliyeshikwa na hofu hiyo hanunui kwa sababu ana muda wa kupaka rangi visanamu 61. Ananunua ili asikose.

Kisha kuna kanuni. Matoleo mapya ya mchezo yalitoka mwaka 2014, 2017, 2020 na 2023. Hesabu mwenyewe: kila miaka mitatu. Visanamu vya zamani huendelea kutumika, ila vitabu huzeeka. Toleo la 2023 lilipotoka, kanuni za msingi ziliwekwa mtandaoni bure. Kwa hiyo mtoto akianza kwa kuomba kitabu kikubwa chenye jalada gumu, mwambie asome kwanza zile za bure, acheze mara tatu nne, ndipo mzungumze.

Gharama iko kwenye rundo

Wacheza mchezo huu wana jina la utani kwa visanamu vilivyonunuliwa vikabaki kwenye maboksi. Wanaviita rundo la aibu. Wanalitaja kwa kucheka, lakini karibu kila mmoja analo, na ndani ya rundo hilo ndimo pesa za wazazi zinapolala.

Dada yangu anaishi Leicester na anafanya kazi ya kuhudumia wazee, mara nyingi usiku. Mwanawe wa kwanza, anayeniita mama mdogo, ana Necrons. Nilipowatembelea alinifungulia kabati kwa fahari. Rafu ya juu ilikuwa na roboti 12 waliokamilika, kila mmoja na macho ya kijani, wamesimama kwa mstari kama gwaride. Rafu ya chini ilikuwa na maboksi manne, matatu bado yamevikwa nailoni ya dukani. Boksi kubwa moja humeza sehemu kubwa ya malipo ya zamu moja ya mama yake. Rafu ya chini, basi, ilikuwa na usiku kadhaa wa dada yangu, zikisubiri.

Dada hakugomba wala hakukataza. Aliweka sheria moja: boksi jipya haliingii nyumbani mpaka la zamani limekatwa, limeunganishwa, limepakwa rangi na limechezewa angalau mara moja. Akaongeza kwamba lisiloguswa ndani ya muhula mmoja wa shule litauzwa, na fedha ni za kijana. Miezi michache baadaye boksi moja liliuzwa, na kijana mwenyewe ndiye aliyelitoa. Aligundua kwamba lile jeshi hakuwa akilitaka. Alilitaka wakati rafiki yake alipolinunua.

Ninaona sheria hiyo inafaa nyumba yoyote, kwa sababu haigusi mapenzi ya mtoto kwa mchezo. Inagusa kasi ya kununua tu. Ndiyo maana nasema kumi. Roboti kumi waliokamilika ni kikosi, wanaweza kucheza pambano dogo, na mtoto wa miaka 12 au 13 anaweza kuwamaliza kabla hamu haijaisha. Roboti 60 kwenye fremu humvunja moyo hata mtu mzima.

Namna ya kuwapaka

Kati ya majeshi yote ya mchezo huu, la roboti ndilo ningemshauri anayeanza, na sababu ni ya mkono, si ya hadithi. Askari binadamu anahitaji ngozi, macho, nguo, ngozi ya mkanda, nembo begani. Mkono ukitetemeka kidogo, uso unaharibika. Roboti ni chuma, na chuma hakina uso wa kuharibu.

Kazi huenda hivi. Kata sehemu kwa plaizi ndogo ya kukatia, kisha safisha vibaki vya plastiki kwa kisu chembamba au msasa laini. Unganisha kwa gundi ya plastiki, ambayo huyeyusha kidogo sehemu mbili zikashikana kama kitu kimoja. Puliza rangi ya fedha mwili mzima. Ikikauka, paka juu yake rangi nyeusi nyepesi kama maji. Hii ndiyo hatua ya mazingaombwe: rangi hiyo hukimbilia kwenye mashimo na mikunjo, hukauka humo, na ghafla mbavu za roboti zinaonekana moja moja. Subiri ikauke kabisa, angalau nusu saa. Halafu chukua brashi kuukuu, ichovye kwenye rangi ya fedha inayong'aa, ifute karibu yote kwenye kitambaa, kisha ipitishe kwa wepesi juu ya kingo. Mwisho, weka tone la kijani machoni na kwenye bunduki.

Roboti kumi wanaweza kuisha kwa siku mbili za mwisho wa wiki. Siri ni kuwapaka wote kwa hatua moja, kama mama anayesukuma chapati zote kwanza ndipo aanze kuchoma, badala ya kumaliza mmoja ndipo uanze wa pili.

Huhitaji rangi 30. Kwa jeshi hili zinatosha nne au tano, na brashi mbili za heshima. Brashi isimame kwa ncha juu ikioshwa, na isiachwe ndani ya kikombe cha maji usiku kucha. Mtoto anayejifunza kutunza brashi yake amepunguza gharama kuliko anayesubiri punguzo la bei.

Vitu vya kuogopa

Hapa mzazi asiwe mpole. Maboksi mengi ya Warhammer yanaelekezwa kwa watoto wa miaka 12 na kuendelea, na kuna sababu zaidi ya ukatili wa hadithi.

Nyumba yenye mtoto anayetambaa isiwe na visanamu hivi sakafuni. Vichwa na mikono ni vidogo mno na hukaba. Hatari kubwa kuliko zote, tena isiyojulikana na wazazi wengi, ni sumaku. Wachezaji wenye uzoefu hubandika sumaku ndogo kama punje ya dengu kwenye mabega ya roboti ili waweze kubadilisha silaha. Mtoto akimeza mbili, zinaweza kuvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Ukishuku mtoto amemeza sumaku, usisubiri aumwe tumbo. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Mpaka mdogo wa mwisho akue, sumaku zisiingie nyumbani.

Rangi ya kupuliza ifanyiwe nje, si bafuni na dirisha limefungwa. Kisu kikate kuelekea mbali na vidole, na kiwe kikali, kwa sababu kisu butu husukumwa kwa nguvu na huteleza. Supaglu ikishika vidole, maji ya vuguvugu na sabuni huachanisha polepole, usivute. Ikiingia jichoni, ni hospitali.

Siku hizi kuna mashine za kuchapa visanamu nyumbani kwa utomvu wa kemikali unaogandishwa kwa mwanga. Matokeo ni mazuri ajabu. Lakini utomvu huo kabla haujaganda hukera ngozi, unaweza kumletea mtu mzio wa kudumu, na harufu yake haifai chumba cha kulala. Bila glavu na chumba chenye hewa inayopita, mashine hiyo isubiri.

Na visanamu vya zamani vya chuma vinavyouzwa mitumba, hasa vya kabla ya katikati ya miaka ya 1990, vingi vilikuwa na risasi, ile madini yenye sumu. Mtoto asivisugue kwa tupa wala msasa, na anawe mikono kila akivishika. Vya plastiki havina shida hiyo.

Je, mchezo wa vita humfanya mtoto mgomvi?

Swali hili huulizwa mno makanisani na misikitini, na halikuanza leo. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha mwaka 1913 kitabu cha kanuni za vita vya askari wa kuchezea, *Little Wars*, kilichosaidia kuzaa michezo yote hii. Wells hakuwa mpenda vita. Alimaliza kitabu chake akitetea kwamba vita vidogo vya sakafuni ni afadhali mara nyingi kuliko vita vikubwa vya kweli. Mwaka uliofuata vita vikubwa vikaja, na Novemba 1914 vikafika Tanga.

Kwa maoni yangu, mtoto anayepoteza jeshi lake lote kwa dadu mbaya, akaunyosha mkono kumpongeza mwenzake na kukusanya vitu vyake bila kununa, amejifunza kitu ambacho gemu ya simu haikumfundisha. Kwenye simu ukishindwa unazima. Mezani mwenzako amekaa mbele yako. Hata hivyo, dunia ya Warhammer ni ya giza, yenye mauaji na utawala wa kikatili, na imeandikwa kwa kejeli ambayo mtoto mdogo anaweza asiing'amue. Soma japo kurasa chache mwenyewe kabla ya kuruhusu.

Ukiona giza hilo limezidi, kuna BattleTech, iliyozaliwa Chicago mwaka 1984. Roboti wake ni wakubwa kama majengo na ndani yake hukaa rubani binadamu. Mwanzoni iliitwa Battledroids, ikabadilishwa jina baada ya kampuni ya filamu za Star Wars kudai neno hilo la mwisho kuwa lake. Uzuri wake kwa mfuko ni kwamba roboti wanne tu kila upande wanatosha kwa mchezo kamili, na maboksi yake ya kuanzia huja na visanamu vilivyokwisha unganishwa. Hakuna gundi, na rangi ni hiari.

Kwa walio nyumbani

Mzazi wa Dodoma au Kisumu anayesoma haya anaweza kusema hayamhusu. Lakini video za mchezo huu zinafika kwenye simu za watoto wetu kama zinavyofika Leicester, na boksi la kuagiza nje lina gharama ya usafiri na ushuru juu yake.

Njia ipo. One Page Rules ni kundi linalotoa kanuni fupi za michezo ya aina hii, na kanuni zake za msingi hupatikana bure mtandaoni. Mchezo wao wa vita vya anga una jeshi liitwalo Robot Legions, na hawajali umetumia kisanamu cha kampuni gani. Maana yake mtoto anaweza kucheza kwa roboti aliotengeneza kwa waya, vifuniko na vipande vya betri mbovu. Watoto waliojua kutengeneza magari ya waya yenye usukani hawatashindwa na roboti. Hata kabla ya hapo, vifuniko vya soda vinatosha kujifunzia kanuni. Drafti imechezwa navyo vibarazani miaka yote, ya nini roboti washindwe? Anachohitaji zaidi ni dadu chache na rula ya shule.

Kwa walio Uingereza, msinunue chochote kabla ya kufika kwenye duka la Warhammer. Wana utaratibu wa kumfundisha anayeanza bure: anapaka kisanamu kimoja, anacheza pambano moja la kujifunza. Nenda naye, kaa pembeni, mwangalie mikono. Kama baada ya nusu saa bado ameinamia brashi, hamu ipo. Kampuni pia ina mpango unaoitwa Warhammer Alliance wa kusaidia vilabu vya shuleni, hivyo uliza shuleni kwake. Mtoto mwenye jeshi asiye na wa kucheza naye atarudi kununua, kwa sababu kununua ndiyo sehemu pekee ya mchezo anayoweza kuifanya peke yake.

Jihadhari na magazeti ya kila wiki yanayokuja na visanamu ndani yake. Toleo la kwanza huwa la bei ya chini sana. Yanayofuata sivyo, na ukishajiandikisha yanaendelea kuja mpaka ukumbuke kuyasimamisha.

Njia ya bei nafuu kuliko zote ni kununua jeshi la mtoto mwingine aliyeacha. Wapo wengi, na maboksi yao hujaa kwenye masoko ya mitumba mtandaoni, hasa baada ya sikukuu. Uliza picha iliyo wazi, hakikisha ni plastiki, hesabu miguu na vitako vya kusimamia. Mikono ikipungua usijali sana. Askari binadamu asiye na mkono anaonekana ameharibika, lakini Necron aliyekosa mkono, mwenye kutu ya kupaka na mbavu zilizopinda, anaonekana ametoka kaburini baada ya miaka milioni 60.